Nyumba Yenye Vitabu: Wazee Wasomaji wa Kando ya Ziwa na Urithi Tuliokabidhiwa

Kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja kwa kawaida huanza na majengo: jiwe la msingi, kengele, paa la kwanza la nyasi na la pili la bati. Baada ya hapo hufuata orodha ya wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na kwaya. Sura hizo ni za lazima, na ndugu zangu katika kamati ya uandishi wamezitimiza vema. Mimi nimepewa nafasi ya kuandika juu ya jambo lisilo na jiwe la msingi wala picha ya uzinduzi, nalo ni upendo wa vitabu katika nyumba za wazee wetu.

Yeyote aliyewahi kuzitembelea nyumba za Wakristo katika vilima vya Igogo anaijua nyumba ya namna hiyo. Baba ni mstaafu, pengine alikuwa mwalimu, au karani wa reli, au mtumishi wa bandari. Mama naye ni mstaafu, pengine alikuwa muuguzi au mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wao haukuwa mkubwa. Hata hivyo ukutani kuna rafu, au uvunguni mwa kitanda kuna sanduku la bati, na humo mna vitabu vilivyonunuliwa kimoja kimoja kwa muda wa miaka arobaini. Watoto wamekwisha kuondoka nyumbani. Jioni mmoja husoma kwa sauti na mwingine husikiliza, kwa sababu miwani inayofaa ni moja tu.

Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba nyumba hiyo ina historia ndefu hapa kando ya ziwa. Upendo wa vitabu ukikaa ndani ya mtu mmoja, mara nyingi huzikwa pamoja naye. Ukikaa katika nyumba ya watu wawili, hupata mlinzi. Lakini ukipokewa na jumuiya, ndipo unapokuwa urithi. Hatua hiyo ya tatu ndiyo ambayo bado hatujaitimiza.

1. Wakristo walioitwa wasomaji

Katika nchi za kuzunguka Ziwa Victoria, kusoma na kuamini viliingia kwa mlango mmoja. Huko Buganda, Wakristo wa kwanza waliitwa kwa jina lenye maana ya wasomaji. Mtu aliyeanza kufuata mafundisho hakuulizwa kama ameokoka au amebatizwa. Aliulizwa kama anasoma. Neno hilo lilivuka mpaka na kufika Buhaya, ambako kundi la kwanza la waumini lilikusanywa na watu wa kawaida waliokuwa wamejifunza kusoma upande wa Uganda, kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba mwaka 1910. Kwa hiyo Ulutheri wa magharibi ya ziwa ulitanguliwa na wasomaji kabla ya kupata wachungaji.

Kusini mwa ziwa, upande wetu, kitabu nacho kilifika mapema. Alexander Mackay, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa fundi wa mitambo, alipofukuzwa Buganda mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akawa anaendelea na kazi ya kutafsiri na kuchapa maandiko mpaka alipofariki mwezi Februari 1890. Tukumbuke kwamba wakati huo hapakuwa na reli wala barabara ya magari. Kila ramu ya karatasi ilibebwa kichwani na mpagazi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Karatasi iliyosafiri kwa miguu ya binadamu kwa miezi kadhaa haikuweza kuwa kitu cha kudharauliwa. Reli ilipofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, mizigo ya vitabu ilipungua uzito, lakini heshima ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

2. Rafu ya Mlutheri

Sisi Walutheri tuna sababu yetu ya ziada. Martin Luther alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 alitaka lisomwe nyumbani. Miaka miwili baadaye, mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule, na mwishoni mwa waraka huo akawasihi wasibane fedha katika kujenga maktaba nzuri. Mwaka 1525 alimwoa Katharina von Bora. Nyumba yao ya Wittenberg ilijaa wanafunzi na wageni, na mazungumzo ya mezani pao yaliandikwa na kuhifadhiwa. Luther aliandika, Katharina ndiye aliyeifanya nyumba iendelee kuwepo, kwa shamba, mifugo na upishi. Bila meza ya Katharina, yale mazungumzo yasingekuwa na mahali pa kufanyika.

Rafu ya mzee Mlutheri wa kwetu hutambulika kwa urahisi. Juu kabisa kuna Biblia, na mara nyingi si moja. Yupo anayetunza tafsiri ya Dkt. Karl Roehl, mmisionari wa Betheli, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Yeye alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutumia ya Kibantu. Pembeni yake kuna Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo ndiyo wengi wetu tuliyoikariri. Kisha ipo Biblia ya Habari Njema ya mwaka 1995, ambayo aghalabu ni zawadi ya mjukuu. Mtu asiyejua atasema, kwa nini Biblia tatu wakati Neno ni moja? Mwenye rafu anajua. Mume husoma mstari katika hii, mke huusoma katika ile, nao hukaa wakilinganisha. Hiyo ni kazi ileile tuliyofundishwa chuoni kwa majina makubwa, ila wao huifanya mezani baada ya uji.

Chini ya Biblia kuna Katekisimo Ndogo, vitabu vya nyimbo vilivyochakaa, na magazeti ya kanisa yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Chini zaidi kuna vitabu vya dunia: Shaaban Robert, kamusi, vitabu vya historia, vya kilimo na vya afya, na daftari za mikutano. Rafu hiyo ni historia ya usharika iliyopangwa bila kukusudiwa.

3. Aniceti Kitereza na Anna Katura wa Ukerewe

Ukitaka mfano mkubwa kuliko yote wa nyumba yenye vitabu katika ziwa letu, panda meli kwenda Nansio. Watu ninaotaka kuwataja walikuwa Wakatoliki, wala hawakuwa Walutheri. Ninawaandika humu kwa sababu ziwa ni moja, na kwa sababu katika jambo hili wao ni walimu wetu sote.

Aniceti Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Bukerebe. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, iliyoanzishwa mwaka 1904. Alikaa huko miaka kumi hivi, akijifunza Kilatini, Kijerumani na elimu ya dini. Hakuwa padri. Mwaka 1919 alirudi nyumbani akamwoa Anna Katura. Alifanya kazi ya ukarani, baadaye akawasaidia wamisionari katika mambo ya lugha. Wakati wote huo alikuwa mkusanyaji. Pale ambapo hapakuwa na vitabu vya kununua katika lugha yake, yeye alikusanya hadithi, methali, desturi na habari za kale kutoka vinywani mwa wazee, akaziandika.

Anna na Aniceti hawakubaki na mtoto. Kila msomaji wa kando ya ziwa anajua uzito wa sentensi hiyo. Katika jamii ya wakati ule mume wa namna hiyo alishauriwa na ndugu zake amwache mke, au aoe wa pili. Kitereza hakufanya hivyo. Akiwa na umri wa karibu miaka hamsini, mwili wake ukianza kudhoofishwa na ugonjwa wa viungo, alikaa akaandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wasio na mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kumwomba arudi, na anatozwa pombe ya ndizi kama faini. Hatimaye wanarudiana, wanapata mganga, na wanabarikiwa watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali. Ndani ya kisa hicho mwandishi aliweka maisha yote ya Bukerebe ya kale: kulima, kuvua, kupika, kusalimiana, kutibu, kuzika. Alimaliza mwaka 1945. Hatuna haja ya kutangaza kwamba Myombekere ni Aniceti na Bugonoka ni Anna. Yatosha kusema kwamba mtu asiyejua ndoa yenye uvumilivu asingeweza kuandika kitabu kile.

Kisha ukaja mtihani wa kungoja. Mwaka 1945 hapakuwa na mchapishaji wa kitabu kinene cha Kikerewe. Padri Almas Simard, Mkanada wa shirika la White Fathers aliyekuwa amemtia moyo mwandishi, alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kumaliza. Mswada ulibaki. Miaka ishirini na zaidi ilipita, mwandishi akizeeka na viungo vikikakamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe mume na mke kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, kwa utafiti wa historia. Walikutana na mzee Kitereza, wakatambua thamani ya kilichokuwa mikononi mwake, wakamshauri akitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili ili kipate wasomaji na mchapishaji. Mzee wa zaidi ya miaka sabini, mwenye vidole vilivyopinda, aliianza kazi upya, akaitafsiri yote mwenyewe.

Kitabu kilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981 bila nakala iliyochapwa kufika mkononi mwake. Baada ya hapo kitabu kilikwenda mbali: kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni mwana wa Ukerewe, alitoa tafsiri yake ya Kiingereza.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kati ya mwaka 1945 na 1980 ni miaka thelathini na mitano. Katika muda huo mswada ulikuwa karatasi tu katika nyumba ya kisiwani, mahali penye mvua, mchwa, panya na moto wa jikoni. Jina la Anna Katura halipo katika jalada. Lakini karatasi hukaa miaka hiyo yote pale tu ambapo wenye nyumba wote wawili wamekubaliana kwamba hazipaswi kuwashia moto.

4. Kisomo na gazeti la kijijini

Wakati mzee Kitereza akitafsiri, jirani zake wengi walikuwa wakijifunza herufi. Mwaka 1967 takriban thuluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 mikoa ya ziwa ilipewa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, na makao yake yakawa Mwanza. Vitabu vya kujifunzia vilihusu kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji, utunzaji wa nyumba. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya wilaya nyingine. Baadaye likaja gazeti la vijijini la kanda yetu, Elimu Haina Mwisho, lililochapwa kwa ajili ya watu ambao ndio kwanza wamehitimu kisomo.

Wengi wa wazee wanaotunza vitabu leo walisimama ubaoni katika madarasa hayo ya jioni, kwa mwanga wa taa ya chemli. Wengine walikaa kwenye benchi, na kitabu chao cha kwanza kilikuwa kile cha pamba. Nimewahi kuulizwa kwa nini mtu atunze kitabu cha kilimo cha pamba ambacho maelezo yake yamepitwa na wakati. Mwenye kitabu hatunzi maelezo ya pamba. Anatunza siku aliyoweza kuandika jina lake badala ya kuweka dole gumba.

5. Mwitongo, Butiama

Aliyetangaza mwaka ule wa elimu ya watu wazima alikuwa mwana wa kanda hii, na nyumba yake nayo ilikuwa nyumba yenye vitabu. Julius Nyerere na Maria Magige walioana mwaka 1953, wote wawili wakiwa walimu. Bibi Maria alipata mafunzo yake ya ualimu Sumve, hapa mkoani kwetu, akafundisha Nyegina karibu na Musoma. Mwalimu alipoacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa, mshahara ulikoma, na riziki ya nyumba ikawa mzigo wa mama kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, katikati ya shughuli za nchi Mwalimu alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare: ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969, na Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama. Nchi nyingi zimeona viongozi wakistaafu na kubaki na magari. Huyu alibaki na shamba na maktaba. Katika nyumba ya Mwitongo alisoma, akalima, na katika uzee wake akaigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapwa na Ndanda-Peramiho mwaka 1996. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mama Maria alibaki kuwa mwenye nyumba ile, akiwapokea wageni waliokuja kuiona.

Tofauti kati ya Kagunguli na Butiama ni kubwa. Mmoja alikuwa karani wa kisiwani, mwingine rais. Lakini mambo matatu ni yaleyale. Kwanza, kusoma kulizaa kuandika. Pili, uzee haukuwa mwisho wa kazi, bali wakati wa kuimaliza. Tatu, kitabu kilisimama juu ya ndoa. Ndivyo ilivyokuwa hata katika siku za mitume: Akila na Prisila ndio waliomchukua Apolo, msomi hodari wa Maandiko, wakamweleza njia kwa usahihi zaidi, na tunasoma kwamba walifanya hivyo pamoja.

6. Akiba ya karatasi

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya karatasi huoza. Katika Igogo adui zake wanajulikana. Mvua za masika hupenya katika nyufa za nyumba zilizojengwa juu ya majabali. Mchwa hupanda ukutani kimya kimya na kula kitabu kutoka ndani, hata jalada likabaki zima na kurasa zikawa udongo. Lakini adui mkubwa kuliko mchwa ni matanga. Mzee anapofariki, ndugu hukaa wakagawana kiwanja, ng'ombe, nguo na simu. Vitabu haviingii katika hesabu. Baada ya arobaini hupimwa kwa kilo na kuuzwa kwa wenye kufungia karanga na maandazi. Mara nyingi mjane ndiye pekee anayejua kitabu kipi kilinunuliwa wapi na kwa nini, lakini katika kikao cha ukoo haulizwi.

Simwambii mtu kwamba ndugu hao ni wabaya. Hawakufundishwa kwamba huo ni urithi. Na hapa usharika una wajibu, kwa kuwa katika masanduku hayo zimo pia habari zetu: programu za ibada, picha za kipaimara, barua za wainjilisti, daftari za umoja wa wanawake zenye majina ya akina mama ambao hawatajwi mahali pengine popote. Kamati ya kitabu hiki imepata sehemu ya habari zake katika makaratasi ya namna hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari nalo bila mlinzi hupotea vilevile.

Napendekeza mambo manne, nayo hayahitaji mfadhili. Kila mtaa uwatembelee wazee wenye vitabu wangali hai, na kijana mmoja aandike orodha huku mume na mke wakieleza historia ya kila kitabu. Wenye vitabu waandike, kwa saini zao wote wawili, ni nani atakayevipokea. Na atakayebaki hai ndiye awe na kauli ya kwanza. Usharika utenge kabati moja la chuma, liinuliwe juu ya matofali mbali na ukuta, na ufunguo uwe kwa mtu anayependa kusoma, hata kama hana cheo. Mwisho, kabati hilo lifunguliwe kila Jumapili baada ya ibada, watu waazime. Kitabu kilichofungiwa kisiguswe kimebadilisha kaburi tu.

Hitimisho

Mtume Paulo, mzee na mfungwa, akijua kwamba mwisho wake umekaribia, alimtumia Timotheo ombi dogo: aje na vazi zito lililobaki Troa nyumbani kwa Karpo, aje pia na maandiko yake, na kwa namna ya pekee yale yaliyoandikwa juu ya ngozi. Mtu aliyekuwa na siku chache za kuishi bado alitaka kusoma. Sisi wachungaji tumehubiri mara nyingi juu ya mwendo alioumaliza, na mara chache juu ya Karpo, ambaye jina lake limebaki kwa sababu moja tu: vitu vya mzee vilikuwa salama nyumbani kwake.

Usharika unaoingia katika miaka mia ya pili unahitaji akina Karpo. Waandishi Mungu atawaleta kwa wakati wake, kama alivyowaleta Ukerewe na Butiama. Walinzi wa vitabu inatupasa tuwachague sasa, kabla ya masika yajayo.